Kalamu ya Kufuta Jina: Masolisita wa Ireland na Mamlaka ya Kujisimamia

Taaluma husemwa kuwa inajisimamia pale inapokuwa na mamlaka matatu kwa pamoja: mamlaka ya kuamua nani aingie katika kazi, mamlaka ya kuweka kanuni za namna kazi inavyofanywa, na mamlaka ya kumtoa yule aliyekiuka kanuni hizo. Ni rahisi kudhani kwamba mamlaka hayo matatu huja kwa mkupuo mmoja, na kwamba chama kikishayapata hubaki nayo mpaka pale serikali itakapoamua kuyapora. Historia ya masolisita wa Ireland inaonyesha mambo tofauti kabisa. Mlango wa kuingilia katika kazi yao waliudai kuanzia mwaka 1830, wakaupata nusu mwaka 1866, na hawakuushika sawasawa hadi mwaka 1898. Kanuni za kazi waliziandika huku majaji na Bunge wakiwatazama. Na kalamu ya kufuta jina la mwenzao daftarini waliishika wenyewe kwa miaka michache tu ya 1950, kabla ya Mahakama ya Juu kuamua kwamba haikupaswa kuwa mikononi mwao. Sura hii inaeleza jinsi mamlaka hayo yalivyopatikana na kupungua, na kwa nini fedha za wateja, kuliko jambo jingine lolote, ndizo zilizoamua ni kiasi gani cha mamlaka hayo masolisita wangeachiwa.

Matawi mawili ya uwakili

Nchini Ireland, kama ilivyo Uingereza, uwakili umegawanyika katika matawi mawili. Lipo tawi la mawakili watetezi, ambao kazi yao ya jadi ni kusimama mbele ya majaji na kujenga hoja, na lipo tawi la masolisita, ambao humpokea mteja ofisini, huandika wosia na hati za ardhi, hutayarisha mashauri, humpa wakili mtetezi maelekezo ya kesi, na hutunza fedha ambazo mteja amewakabidhi mpaka shughuli yake itakapokamilika. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, ambako wakili mmoja huruhusiwa kufanya kazi zote hizo, mgawanyo huu unaweza kuonekana wa ajabu, lakini bila kuuelewa haiwezekani kuelewa ugomvi uliodumu kwa karne kadhaa kati ya matawi hayo mawili.

Jina lenyewe la solisita halikuwa peke yake tangu mwanzo. Aliyefanya kazi hiyo katika mahakama za sheria ya kawaida, yaani zile zilizoamua mashauri kwa kufuata sheria ya jadi na uamuzi wa majaji waliotangulia, aliitwa atorni. Na aliyeifanya katika Mahakama ya Chansela, iliyoshughulikia hasa amana, mirathi na mambo ya haki yasiyokuwa na dawa katika sheria ya kawaida, ndiye aliyeitwa solisita. Kufikia karne ya 19 watu walewale kwa kawaida walikuwa wameandikishwa pande zote mbili, na sheria ya mwaka 1877 iliyounganisha mahakama kuu za Ireland ikalistaafisha jina la atorni, ikabaki solisita.

Wanachama wasio na kauli

Chama cha kwanza cha wanasheria wa Ireland kilikuwa King's Inns, kilichoanza jijini Dublin mwaka 1541, mwaka uleule ambao Bunge la Ireland lilimtangaza Henry VIII wa Uingereza kuwa mfalme wa Ireland. Makao yake yalikuwa katika iliyokuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Liffey, mahali ambapo mwishoni mwa karne ya 18 lilijengwa jengo la mahakama linaloitwa Four Courts. Tofauti na vyama vya namna hiyo vya London, ambavyo kadiri muda ulivyopita viliwatenga maatorni, King's Inns iliwaweka watu wa matawi yote mawili chini ya paa moja.

Kuwekwa chini ya paa moja, hata hivyo, hakukumaanisha kuketi meza moja. Baraza lililoongoza King's Inns lilikuwa la majaji na mawakili watetezi wakongwe, na maatorni hawakuwa na kiti ndani yake. Mwanagenzi, yaani kijana aliyefungamanishwa kwa mkataba na atorni ili ajifunze kazi kwa kuifanya, alilazimika kulipa ada kwa chama hicho, na alipohitimu na kuomba kuandikishwa alilipa tena. Fedha hizo zilikusanywa miaka nenda miaka rudi, lakini maatorni walilalamika kwamba hawakuona faida yake: hawakujengewa vyumba vya kufanyia kazi, hawakupewa mafunzo ya maana, na hawakuulizwa chochote kuhusu matumizi. Walikuwa wanachama kwa upande wa kulipa na wageni kwa upande wa kuamua.

Juu ya baraza hilo kulikuwa na mkono mzito zaidi, nao ni wa Bunge. Mwaka 1698 Bunge la Ireland, lililokuwa la Waprotestanti watupu, lilipitisha sheria ya kuwazuia Wakatoliki wasifanye kazi ya usolisita, isipokuwa wachache waliolindwa na mapatano ya Limerick yaliyomaliza vita nchini humo mwaka 1691. Sheria nyingine za karne ya 18 zilifuata ili kuziba mianya, zikiwabana hata wale waliobadili dini ili waendelee na kazi. Shabaha ilikuwa wazi. Sheria za wakati huo ziliwazuia Wakatoliki kununua ardhi na kuirithisha wapendavyo, na mtu aliyejua kuandika hati ndiye aliyeweza kutafuta njia ya kuzikwepa sheria hizo; kwa hiyo watawala hawakuridhika kudhibiti ardhi bila kumdhibiti pia mwandishi wa hati zake. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1792. Tangu mwanzo, basi, swali la nani aandikishwe kuwa solisita halikuwa la ustadi peke yake. Lilikuwa swali la nani aaminiwe na dola.

Kutoka chumba cha kupanga hadi hati ya kifalme

Juni 1830 masolisita wa Dublin waliunda chama chao wenyewe, wakapata ofisi Inns Quay, kando ya Four Courts. Jambo lao la kwanza halikuwa maadili wala elimu, lilikuwa fedha. Novemba mwaka huohuo kamati yao iliwasilisha waraka kwa baraza la King's Inns, ikieleza ulazima wa kutumia ada zilizokusanywa kutoka kwa masolisita kwa muda wote huo kuwajengea vyumba vyao. Majibu hayakuja haraka. Ilikuwa mwaka 1841 ndipo walipogawiwa vyumba katika Four Courts, na hapo chama kikawa na makao ndani ya eneo la mahakama, jambo lililokuwa na uzito wa heshima kuliko nafasi yenyewe.

Hatua ya pili ilikuwa ya kisheria. Tarehe 5 Aprili 1852 chama kilipewa hati ya kifalme, ambayo ni tamko la mtawala linalokifanya chama kuwa mtu wa kisheria, kiweze kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kuendelea kuwapo hata waanzilishi wakifa. Hati hiyo ilikipa chama hadhi, lakini haikukipa amri juu ya mtu yeyote. Solisita aliyeishi Galway au Kerry aliweza kufanya kazi maisha yake yote bila kujiunga, na aliyefanya udanganyifu hakuwa na la kuogopa kutoka kwa chama zaidi ya kukosa kualikwa.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na sheria ya mwaka 1866, iliyokata kamba iliyowafunga masolisita na King's Inns. Kuanzia hapo mwanagenzi hakulazimika tena kujiunga na chama cha mawakili watetezi, na shughuli za mafunzo na mitihani zilikabidhiwa chama cha masolisita wenyewe, ingawa chini ya usimamizi wa majaji. Mantiki ya mabadiliko hayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Masolisita hawakudai mitihani kwa sababu Bunge liliwalazimisha. Waliidai wao wenyewe, kwa kuwa katika jamii ya wakati wa Victoria mtihani ndio uliomtenga mwanataaluma na karani. Mtu aliyefaulu masomo na mtihani aliweza kumtazama wakili mtetezi usoni, na vilevile aliweza kumwambia mteja kwamba asiyefaulu hastahili kuaminiwa. Kwa namna hiyo elimu ilifanya kazi mbili kwa pamoja, kuinua ubora na kupunguza ushindani, na si rahisi kuzitenganisha hata kwa mwanahistoria mwenye nia njema.

Katika kipindi hicho chama kilianza pia kufanana na jumuiya. Mwaka 1863 ulianzishwa mfuko wa hisani wa kuwasaidia masolisita waliofilisika au kuugua, pamoja na wajane na yatima wao. Mwaka 1888 hati ya nyongeza ilikibadilisha jina kuwa Incorporated Law Society of Ireland, na mwaka 1907 lilianza kutoka gazeti lake, ambalo lilimfikishia solisita wa mkoani habari za sheria mpya, hukumu na maamuzi ya baraza la chama.

Mlango na hukumu

Sheria ya mwaka 1898 ndiyo msingi halisi wa kujisimamia kwa masolisita wa Ireland. Iliondoa elimu kutoka chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa majaji na kuikabidhi kwa chama, na pia ikaunda kamati ya kisheria, iliyotokana na chama, ya kupokea malalamiko dhidi ya masolisita, kuyachunguza na kutoa taarifa. Lakini kamati hiyo haikuweza kumfukuza mtu. Ilichunguza na kueleza ilichoona, kisha taarifa ikapelekwa mbele ya mamlaka ya kimahakama, wakati huo Lord Chansela wa Ireland, na yeye ndiye aliyeamua kama jina la solisita libaki daftarini au lifutwe.

Utaratibu huo ulitokana na imani ya zamani kwamba solisita ni ofisa wa mahakama. Jina lake limo katika daftari la mahakama kwa ruhusa ya majaji, na kwa hiyo ni majaji wanaoweza kulitoa. Ulikuwa pia mgawanyo wa kazi uliompa kila mmoja alichokitaka: chama kilipata heshima ya kuwa wa kwanza kuyajua mabaya ya wanachama wake, na majaji walibaki na neno la mwisho bila kubeba mzigo wa kusoma kila lalamiko.

Miaka iliyofuata iliutikisa mpangilio wote wa nchi, lakini si utaratibu huo. Mwishoni mwa Juni 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kwa mashambulizi ya mizinga dhidi ya Four Courts, jengo likaungua pamoja na hazina ya nyaraka za taifa iliyokuwa jirani, na chama kikalazimika kuhamia kwingine jijini hadi jengo lilipokarabatiwa. Mwaka huohuo masolisita wa kaskazini, baada ya kisiwa kugawanywa, walipata hati yao ya kifalme na chama chao. Katika dola mpya ya kusini, iliyokwisha kujitenga na Uingereza, mamlaka ya Lord Chansela juu ya masolisita yalihamia kwa Jaji Mkuu, na taratibu zilizobaki zikaendelea karibu kama zilivyokuwa.

Mlango wa kuingilia nao ulionyesha tena kwamba chama hakikuwa mwamuzi pekee. Ilikuwa sheria ya Bunge la London ya mwaka 1919, wala si azimio la masolisita, iliyoondoa kizuizi cha jinsia, na Aprili 1923 Mary Dorothea Heron akawa mwanamke wa kwanza kuandikishwa kuwa solisita nchini Ireland. Mwaka 1929 dola mpya, iliyokuwa ikijitahidi kuifufua lugha ya Kiairishi, ilitunga sheria ya kumtaka kila anayeingia katika uwakili awe na ujuzi wa lugha hiyo, sharti lililodumu hadi mwaka 2008. Karne ya 18 dola iliuliza dini ya mwombaji, na karne ya 20 ikauliza lugha yake. Chama kilisimamia mtihani, lakini sehemu ya maswali iliandikwa kwingine.

Mfuko wa pamoja

Sheria ya masolisita ya mwaka 1954 iliandikwa ili kuweka pamoja na kuimarisha mamlaka yote ya chama, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza lilihusu fedha. Solisita anayeshughulikia mauzo ya nyumba hupokea fedha ambazo si zake na hukaa nazo kwa siku au wiki kadhaa. Akizitumia kulipia madeni yake, mteja hupoteza nyumba na akiba kwa siku moja, na kumfunga solisita gerezani hakumrudishii kitu. Sheria ya 1954 ilianzisha Mfuko wa Fidia, ambao masolisita wote wenye leseni waliuchangia kila mwaka, ili mteja aliyedhulumiwa na solisita asiye mwaminifu alipwe kutoka humo.

Umuhimu wa mfuko huo ulipita kiasi cha fedha zilizokuwamo. Kabla yake, solisita mwaminifu wa Cork hakuwa na sababu ya kujali vitabu vya hesabu vya mwenzake wa Donegal. Baada yake, wizi wa yule ulikuwa hasara ya huyu. Kwa hiyo kanuni za kutenganisha fedha za wateja na za ofisi, ukaguzi wa hesabu, na masharti ya kupata leseni ya kila mwaka zilianza kuonekana na wengi kama ulinzi wa mifuko yao wenyewe. Hapo ndipo kujisimamia kulipopata mizizi ya kimaslahi, na mizizi hiyo ilishika kuliko hotuba zozote za heshima ya taaluma.

Jambo la pili katika sheria hiyo lilikuwa kwamba kamati ya nidhamu ya chama ilipewa uwezo wa kufuta jina la solisita yenyewe, kisha aliyefutwa akiona hakutendewa haki akate rufaa kwa Jaji Mkuu. Kwa mara ya kwanza kalamu ilikuwa mikononi mwa masolisita. Haikukaa humo muda mrefu. Masolisita wawili waliofutwa walipinga, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumwondoa mtu katika taaluma yake ni kutoa haki, kazi ambayo Katiba ya mwaka 1937 imewaachia majaji. Katiba hiyo, katika ibara ya 37, inaruhusu watu wasio majaji kupewa mamlaka ya kimahakama yenye mipaka katika mambo yasiyo ya jinai. Lakini mahakama ilieleza kwamba mipaka hupimwa kwa matokeo ya mamlaka hayo kwa anayehukumiwa, na adhabu inayoweza kumnyima mtu riziki na jina lake zuri kwa maisha yake yote haiwezi kuitwa ndogo. Ilizingatia pia historia: tangu zamani ni majaji waliokuwa wakifuta majina ya masolisita.

Bunge lilijibu kwa sheria ya mwaka 1960, iliyorudisha mgawanyo wa mwaka 1898 kwa sura mpya. Kamati ilichunguza na kupendekeza, na kiongozi wa majaji wa Mahakama Kuu ndiye aliyetoa amri. Inafaa kutambua kwamba uamuzi huo haukusukumwa na shaka juu ya uaminifu wa chama. Ulitolewa ili kumlinda solisita anayehukumiwa na wenzake, ambao huenda wakawa pia washindani wake sokoni. Ni jambo linalosahaulika mara nyingi katika mijadala ya kujisimamia, kwa kuwa hofu ya kawaida ni kwamba wanataaluma watalindana, ilhali wanaweza vilevile kuumizana.

Maswali ya mteja

Mpaka hapo mjadala ulikuwa kati ya masolisita, majaji na Bunge. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 mteja aliingia, akiwa na lugha mpya ya ushindani na haki za mlaji. Chama kilikuwa kikipiga marufuku matangazo ya biashara kwa hoja kwamba yanashusha heshima ya kazi. Wachunguzi wa serikali waliona katika marufuku hiyo njia ya kumficha mteja bei, na mwaka 1988 kanuni zililegezwa. Ripoti ya tume ya biashara ya haki ya mwaka 1990 ilichambua taratibu za taaluma nzima ya sheria kwa jicho hilohilo, na sheria ya mwaka 1994, ambayo pia ilikipa chama jina lake la sasa, Law Society of Ireland, iliongeza ulinzi wa mteja, ikiwamo kuweka mtu huru wa kupitia namna chama kinavyoshughulikia malalamiko.

Hoja nzito zaidi ilitolewa Desemba 2006 na mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, iliyosema kwamba chombo kimoja hakiwezi kuwatetea masolisita na papo hapo kuwasimamia kwa ajili ya umma, na kupendekeza msimamizi huru. Huenda ripoti hiyo ingebaki kabatini kama uchumi usingeanguka. Bei za nyumba zilipoporomoka kuanzia mwaka 2007 zilifichua masolisita waliokuwa wametumia vibaya ahadi zao kwa benki na fedha za wateja, na mwishoni mwa 2010, Ireland ilipokopa kwa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, masharti ya mkopo yalijumuisha kuunda msimamizi huru wa taaluma ya sheria.

Muswada uliotangazwa Oktoba 2011 uliletwa na Waziri wa Sheria, Alan Shatter, ambaye mwenyewe ni solisita. Vyama vya matawi yote mawili viliupinga, vikisema kwamba toleo la kwanza lilimpa waziri nguvu nyingi mno juu ya mawakili, ambao kazi yao wakati mwingine ni kuishtaki serikali. Hoja hiyo haikuwa kisingizio kitupu, kwani muswada ulirekebishwa sana kabla ya kuwa sheria mwishoni mwa mwaka 2015. Mamlaka mpya, ambayo wengi wa wajumbe wake 11 si wanasheria, ilianza rasmi Oktoba 2016, na Oktoba 2019 ikaanza kupokea malalamiko ya umma dhidi ya mawakili wa matawi yote mawili.

Jambo la kuzingatia ni kile kilichobaki. Chama kiliendelea kufundisha na kuwaingiza masolisita wapya, kukagua hesabu zao na kuendesha Mfuko wa Fidia. Kilichoondoka ni kusikiliza malalamiko. Mpaka ulichorwa palepale ambapo fedha za masolisita wenyewe zimo hatarini: wanaolipa hasara wakiachwa wakague, na wasiolipa chochote kwa kosa la mwenzao wasiwe waamuzi wake. Kalamu ya kufuta jina imebaki Mahakama Kuu. Ukiondoa miaka ile michache ya 1950, masolisita wa Ireland hawakupata kuwa watawala wa taaluma yao. Walikuwa wasimamizi kwa niaba ya wengine, na kila kipindi walipewa kiasi kile cha usimamizi ambacho walikuwa tayari kukilipia.